Kutega na Kuuliza: Uhakiki wa Maswali ya Chemsha Bongo

Mchezo wa kuulizana maswali ya maarifa mchanganyiko, ambao watu wetu huuita chemsha bongo, haujapata kuhesabiwa miongoni mwa sanaa za maneno. Wahakiki hutazama shairi, riwaya na tamthilia. Methali na vitendawili navyo vimepata wakusanyaji wake. Lakini swali la chemsha bongo hupita mlangoni petu bila ya kukaribishwa. Hata jina lake la Kiingereza, trivia, ni jina la dharau. Asili yake ni neno la Kilatini la mahali zikutanapo njia tatu, na maana yake ya leo ni mambo madogo yasiyo na uzito. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba swali hilo lina umbo, kwamba umbo hilo laweza kuwa zuri au baya, na kwamba maswali mengi niyaonayo yakiandikwa kwa Kiswahili ni mabaya kwa sababu ambayo sarufi yetu yaweza kuieleza.

Mchezo wenyewe, kwa sura yake ya sasa, si wa kale. Mwaka 1966 Edwin Goodgold na Dan Carlinsky, waliosoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa kitabu kilichoitwa Trivia, chenye kuuliza habari za filamu na michezo ya redio ya siku za utoto. Mwaka 1979 waandishi wawili wa habari wa Montreal, Chris Haney na Scott Abbott, walibuni mchezo wa ubao uitwao Trivial Pursuit, ambao toleo lake la kwanza lilikuwa na kadi 1,000 na maswali 6,000. Uingereza mchezo huu una makao yake katika vilabu vya pombe, na nilipokuwa masomoni huko niliona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya tarehe ya kifo cha mfalme. Siku hizi wapenzi wake wengi hukutana kwa njia ya intaneti.

Mfano mmoja wa Marekani wastahili kutazamwa kwa makini, maana waonyesha ubaya wa swali tupu. Fred Worth, mwandishi wa vitabu vya maarifa madogo madogo, alitia katika kitabu chake jambo la uongo kwa makusudi: aliandika kwamba mpelelezi Columbo, aliyeigizwa katika televisheni na Peter Falk, jina lake la kwanza ni Philip. Huo ulikuwa mtego wa kumnasa mwizi. Haukupita muda, Philip akatokea katika kadi za Trivial Pursuit kama jawabu sahihi. Mwaka 1984 Worth alishtaki, akidai dola milioni 300. Lakini mahakama zilimkatalia, na mahakama ya rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 1987, kwa kuwa jambo la kweli halina mwenyewe hata likiwa limekusanywa kwa jasho.

Wanasheria hupenda kisa hiki kwa ajili ya hukumu yake. Mimi nakipenda kwa ajili ya swali lenyewe. Philip aliwezaje kuishi miaka yote ile bila ya kushukiwa? Ni kwa sababu swali la jina la Columbo halina njia ndani yake. Anayeulizwa ama amelisoma jina mahali, ama hakulisoma. Hana kitu cha kupima nacho. Jawabu la kweli na jawabu la uongo huingia kwa mlango mmoja na kukaa katika kiti kimoja. Swali lenye njia halidanganyiki kwa wepisi hivyo, maana kila hatua yake humshuhudia mwenziwe.

Njia ni nini? Tuchukue mtu wa kwetu. Freddie Mercury alizaliwa wapi? Ajuaye atajibu kuwa ni Unguja, na asiyejua atatazama dari. Sasa tuulize hivi: Mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, alikuwa mwimbaji mashuhuri Uingereza, akajipa jina la ukoo la sayari iliyo karibu kabisa na jua, alijulikana kwa jina gani? Maarifa ni yale yale, lakini asiyejua amepata pa kushika. Akiikumbuka sayari amelipata jina, na akilipata hujua mwenyewe, kabla ya kuambiwa, kwamba amelipata. Furaha ya mchezo wote imo katika kujua huko.

Wale wanaocheza katika LearnedLeague, ligi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na inayochezwa kwa intaneti, wamelifahamu jambo hili vizuri. Kila siku ya mchezo wachezaji wawili hupambanishwa kwa maswali sita yale yale, na kila mmoja humpangia mwenzake thamani ya maswali: moja halina alama, mawili yana alama moja moja, mawili mbili mbili, na moja alama tatu. Kwa hiyo haitoshi kujua jawabu. Yakupasa umjue mwenzako, uone ni wapi atakapokwama. Hakuna anayewasimamia. Jawabu lolote laweza kutafutwa katika mashine kwa sekunde chache, na wachezaji hujizuia kwa ahadi tu. Linganisha hayo na mashindano ya televisheni ya Twenty-One, yaliyokuwa na fedha nyingi: Charles Van Doren alipewa majawabu kabla ya kuulizwa, akakiri hayo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1959.

Mswahili aliyelelewa na bibi yake hatastaajabu. Katika mchezo wetu wa jioni, mmoja husema kitendawili, wenzake huitikia tega. Wakishindwa huombwa mji, nao hutoa Mombasa nzima au Mesopotamia wasiyoijua, na mshindi huondoka na mji huo bila ya kupata hata senti. Hapana mtu aliyewahi kuiba jawabu kwa ajili ya kuutwaa Mombasa wa namna hiyo. Tena neno lenyewe ni tega, si uliza. Mtegaji huficha, lakini akiisha kuficha huacha alama ya kutosha, la sivyo wenzake watasema kwamba ametunga jambo lisilofumbulika, na hilo ni aibu yake yeye.

Hapa ndipo nionapo kosa la waandishi wetu wa chemsha bongo. Wanao mfano huu mikononi, nao huuacha wakatafsiri maswali ya Kiingereza neno kwa neno. Tafsiri hiyo huharibu swali hata pale isipoharibu maana, kwa kuwa Kiingereza na Kiswahili havifichi mambo yale yale.

Tazama kitendawili kijulikanacho na kila mtoto: nyumba yangu haina mlango. Jawabu ni yai. Yai ni la ngeli ya li-, na nyumba ni ya ngeli ya i-. Mtegaji amelivika jawabu lake nguo ya ngeli nyingine, na upatanisho wote wa sentensi wafuata nguo, si mwili. Mtu asiyesoma sarufi hata siku moja amefanya kazi ya mwanasarufi. Sasa msikilize mtafsiri wetu: Liligunduliwa Misri na askari wa Ufaransa mwaka 1799, likapelekwa London mwaka 1802. Ni nini? Katika Kiingereza kiwakilishi cha vitu vyote visivyo na uhai ni kimoja, nacho hakisemi lolote. Katika Kiswahili, li- imekwisha kunong'ona jiwe kabla msikilizaji hajafika Misri, na mwenye kujua habari za Jiwe la Rosetta hana kazi iliyobaki. Dawa yake ni nyepesi: atangulize nomino ya kufunikia, aseme, kitu hiki kiligunduliwa. Lakini dawa hiyo hatumiwi mtu asiyejua kwamba yuko mgonjwa.

Kwa upande wa pili, Kiswahili chafunika mahali ambapo Kiingereza huumbuka. Kiambishi a- hakibagui mwanamume na mwanamke, wala mtu na mnyama. Mwingereza anayetaka kuuliza jina la kuzaliwa la mwandishi George Eliot, aliyekuwa mwanamke aitwaye Mary Ann Evans, hupata taabu ya kuzungusha sentensi ili asitaje kiwakilishi kitakachoifichua siri. Sisi twasema tu, alizaliwa mwaka 1819, na siri imekaa. Au fikiri juu ya swali hili: Aliokotwa katika njia za Moscow, akarushwa kuizunguka dunia tarehe 3 Novemba 1957, asirudi akiwa hai. Ndiye nani? Msikilizaji humfikiria Gagarin, kisha hukumbuka kwamba Gagarin aliruka mwaka 1961 na akarudi salama. Basi ni nani aliyemtangulia? Ndipo kitu humwambia kwamba huenda huyu si mtu. Naye ni mbwa Laika. Swali hilo kwa Kiingereza haliwezi kusimama hivyo, maana kiwakilishi kingemtaja mtu au kingemtaja mnyama. Kwa Kiswahili limesimama bila ya hila yoyote, wala sijapata kuliona limeandikwa.

Kuna jambo la tatu, ambalo si la ngeli. Swali la Freddie Mercury lina hatua moja kwa Mwingereza, maana sayari na mwimbaji wana jina moja. Mswahili huijua sayari hiyo kwa jina la Utaridi, au Zebaki kama wapendavyo waandishi wa sayansi, naye hana budi kuvuka lugha mbili ndipo afike. Kwa maoni yangu swali limezidi kuwa zuri. Lakini limekuwa swali jingine, gumu zaidi, na mwandishi aliyelitafsiri akaliweka miongoni mwa maswali mepesi hakuliona alilolifanya.

Wakusanyaji wa vitendawili nao wana deni hapa. Vitabu vyao hutupa kitendawili na jawabu moja, kana kwamba baraza zima lilijibu kwa sauti moja. Majawabu waliyokosea watu kabla ya kutoa mji hayakuandikwa, ilhali hayo ndiyo yangetuonyesha ni ngeli gani iliyowapoteza na ni neno gani lililowarudisha. Wazee wanaotega vitendawili bado wapo, na vijana wanaoulizana chemsha bongo katika simu zao wako tele. Mtafiti atakayekaa nao afungue ukurasa wa pili katika daftari lake, aandike humo majawabu yaliyokosewa, kwa utaratibu yalivyotajwa.