Mruko wa Madeline

Anayenunua mlango huufungua na kuufunga kwanza, akasikiliza bawaba, ndipo atazame nakshi. Gemu ya majukwaa nayo inafaa kupimwa hivyo. Ni gemu ya kukimbia, kuruka na kutua, na mchezaji ataruka mara maelfu kabla ya kuimaliza. Mruko ukiwa na kasoro, hakuna mandhari wala muziki utakaoifidia. Kwa hiyo ninapoulizwa kama gemu mpya inastahili bei kamili au isubiriwe mpaka ipunguzwe, naanzia kwenye kitufe kimoja: cha kuruka.

Gemu iliyonifunza kutazama hivyo ni Celeste. Ilitoka tarehe 25 Januari 2018 kwa dola 19.99. Miezi mitatu kabla yake Nintendo walikuwa wametoa Super Mario Odyssey, iliyochezwa kwenye Switch, mashine inayocheza Celeste pia, kwa dola 59.99. Celeste ilikuwa kazi ya kikundi kidogo. Maddy Thorson na Noel Berry ndio walioongoza ubunifu na programu, Pedro Medeiros na Amora Bettany wa Brazili walichora, na Lena Raine alitunga muziki. Chanzo chake kilikuwa kigemu cha vyumba 30 ambacho Thorson na Berry walikitengeneza kwa siku 4 mwaka 2015, kwa programu ndogo iitwayo PICO-8. Kisa chake kilikuwa chepesi: msichana anapanda mlima. Kisha walikaa na mlima huo zaidi ya miaka miwili, na matunda ya miaka hiyo yanaonekana kwanza katika mruko.

Msichana anaitwa Madeline. Kioo cha gemu kina pikseli 320 kwa upana na 180 kwa kimo, na ndani yake mwili wa Madeline unahesabiwa kama kisanduku kisichoonekana chenye upana wa pikseli 8 na kimo cha pikseli 11. Bonyeza kitufe. Anaondoka ardhini papo hapo, bila kuchuchumaa kwanza. Ukiachia kidole mapema, mruko unakatika na kuwa mfupi. Ukikishikilia, kasi ya kupanda inadumishwa kwa muda usiozidi sehemu ya tano ya sekunde, kisha uvutano unaanza kumrudisha. Kidole kimoja kinatoa miruko ya kila kimo, kutoka kiruko kifupi cha kuvuka jiwe hadi mruko mrefu wa kuvuka shimo, na baada ya dakika chache mkono unaujua urefu wake bila kufikiri.

Karibu na kilele cha mruko kuna jambo ambalo wengi hawatalitambua kamwe. Kasi ya kupanda ikishapungua sana, na kidole kikiwa bado kimeshikilia kitufe, uvutano unapunguzwa nusu. Madeline anaelea kidogo, kisha anaanza kushuka kama kawaida. Hapo ndipo mchezaji anapochagua pa kutua. Waundaji wamempa muda huo mahali anapouhitaji hasa, wakaacha kupanda na kushuka kubaki kukali. Mruko wote ungefanywa wa polepole ili kumpa nafasi, gemu ingezubaa. Wamepunguza kasi kileleni peke yake.

Sasa tazama ukingo. Mtu anayekimbia kuelekea shimoni hutaka kuruka katika hatua ya mwisho kabisa. Jicho na kidole huchelewa, kwa hiyo mara nyingi anabonyeza miguu ikiwa imeshapita jiwe. Kwa hesabu kavu hapo hakuna cha kurukia, na ataanguka akiilaumu gemu. Celeste inampa sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kuliacha jiwe, na katika muda huo mruko bado unakubaliwa. Upande wa pili nao umefikiriwa. Anayeshuka na kubonyeza mapema kidogo, kabla hajagusa ardhi, bonyezo lake linawekwa na kutekelezwa miguu inapogusa. Akipanda na kichwa chake kikagonga kona ya jiwe kwa pikseli chache, anasogezwa pembeni aendelee kupanda. Akiruka kutoka kwenye jukwaa linalokwenda mbio, na jukwaa hilo likawa limesimama punde tu, kasi yake bado inahesabiwa kwa muda mfupi, ili anayechelewa kidogo asipoteze msukumo aliokuwa akiungoja.

Thorson ameyaeleza haya hadharani, na mwaka 2018 faili la programu linalomwendesha Madeline lilifunguliwa kwa yeyote anayetaka kulisoma. Lina mistari zaidi ya 5,000, na yote inamhusu mtu mmoja tu ndani ya gemu. Naliona faili hilo kuwa zuri kama chumba chochote cha mlimani. Unakuta namba ndogondogo, 0.1 hapa, 4 pale, na unaelewa kwamba kila moja imejaribiwa ikawa kubwa mno, ikajaribiwa tena ikawa ndogo mno, hadi ikafika mahali ambapo mchezaji hahisi kusaidiwa wala kuonewa. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Unabadilisha namba, unacheza, unasikiliza kidole chako, unarudi.

Hata miiba imepimwa kwa subira hiyo. Kisanduku kinachosimama juu ya ardhi kina kimo cha pikseli 11, lakini kile kinachodhurika kina 9. Pikseli 2 za miguuni zimeachwa nje, kwa hiyo unyayo unaweza kupita karibu sana na hatari bila kifo. Tena miiba inayoelekea juu haimuui anayepaa kutoka kwake, inamuua anayeiangukia. Macho ya mchezaji hukubali kifo cha aliyeanguka juu ya ncha, ila hukataa kifo cha aliyegusa ubavu wake akiwa anaondoka. Waundaji wameufuata uamuzi wa macho.

Zaidi ya kuruka na kushikilia kuta, Madeline ana mfyatuko mmoja: anaweza kujirusha angani kwa kasi katika mojawapo ya pande 8, kisha hana mwingine mpaka aguse ardhi au apate fuwele ya kumrudishia. Je, mchezaji atajuaje kama mfyatuko upo? Kwa nywele. Zikiwa nyekundu upo, zikiwa za buluu umetumika, na zikiwa waridi anayo miwili. Hakuna kipimo kilichobandikwa kwenye kona ya kioo, maana katikati ya hewa hakuna anayepata nafasi ya kutazama kona. Jicho liko kwa Madeline, basi habari imewekwa kwa Madeline. Na mfyatuko unapoanza, gemu nzima inasimama kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Mwili unahisi uzito wa tendo hilo, na wakati huo huo kidole kinapata nafasi ya kumalizia kuelekeza, kwa sababu upande wa kwenda unasomwa baada ya kusimama kule.

Namna mfyatuko unavyofundishwa ni ya kupendeza. Katika utangulizi Madeline hawezi kufyatuka kabisa. Anavuka daraja linaloporomoka nyuma yake, anafika mwisho, daraja limekwisha, anaanguka. Wakati unaganda. Ndege anamwonyesha mchezaji vitufe vya kubonyeza, naye anabonyeza, Madeline anavuka. Somo ni moja, mara moja, likiwa ndilo jambo pekee linaloweza kumwokoa. Tangu hapo maneno ni machache sana, vyumba ndivyo vinavyofundisha.

Vyumba vingi vinaenea ndani ya kioo kimoja, na mchezaji huona swali lote kabla ya kuanza kulijibu. Sura ya kwanza ina majukwaa yanayofyatuka kwa reli mtu anapoyashika. La kwanza linakaa mahali pa salama. Yanayofuata yanakuja na miiba. Baadaye kidogo unatakiwa uruke likiwa katika kasi yake ya juu. Sura ya pili inaleta miamba yenye nyota ambayo mtu hupenya ndani yake kwa mfyatuko, na mwendo ule ule unarudiwa: kitu kipya kinaonyeshwa peke yake, kisha na hatari moja, kisha kimechanganywa na ulichokwisha kukijua. Sura ya saba, ya kileleni, inapitia upya mbinu za sura zote zilizotangulia, kituo kwa kituo kila mita 500, safari hii Madeline akiwa na mifyatuko miwili. Mchezaji anayafanya kwa mkupuo mambo ambayo sura mbili nyuma yalimtoa jasho.

Si kila kitu kimekaa sawa. Hoteli ya sura ya tatu, kwa maoni yangu, ni ndefu kuliko mambo yaliyomo, na upepo wa sura ya nne unaudhi kabla ya kufurahisha. Nayataja kwa sababu anayelipa bei kamili anastahili kuyajua. Ila hata huko mruko haujabadilika: upepo unamsukuma Madeline, lakini kidole kinapata kile kilichoombwa.

Halafu kifo. Katika gemu hii mtu hufa mara mamia, wengine maelfu. Madeline anapasuka, na baada ya muda wa kama sekunde moja amesimama tena mwanzoni mwa chumba kile kile. Hakuna ukurasa wa kushindwa, hakuna idadi ya maisha inayopungua, muziki hausimami. Ugumu wake ungekuwa mateso kama kila kosa lingemrudisha mtu nyuma dakika tano. Chumba kikiwa kidogo na kurudi kukawa haraka, kosa linabaki kwenye kumbukumbu ya vidole na jaribio linalofuata linaanza kabla hasira haijapanda.

Kwa anayetaka zaidi, kuna stroberi 175 zilizopandwa pembezoni mwa njia. Hazifungui mlango wala haziongezi nguvu, na gemu yenyewe inasema hivyo waziwazi. Ukiishika stroberi inakufuata, na haihesabiwi mpaka utue ardhini salama, kwa hiyo kazi ni kurudi nayo. Kwa anayelemewa kuna mpangilio wa usaidizi: kasi ya gemu inashushwa hatua kwa hatua hadi nusu, mifyatuko inaongezwa, au Madeline anafanywa asife. Maneno yanayoutambulisha mpangilio huo yaliandikwa upya mwaka 2019, ili mchezaji asihisi kwamba anacheza gemu isiyo yake. Kurudi kwenye aya moja ya maelezo baada ya gemu kuuzwa na kutuzwa ni bidii ile ile iliyotafuta zile namba za mruko.

Basi dola 20. Wapo wanaogawa bei kwa saa: Celeste hadi mwisho wa kisa huchukua saa nane hadi kumi hivi, na gemu nyingine ina saa hamsini kwa bei hiyo hiyo, kwa hiyo hii ni ghali. Siukubali mgawanyo huo. Saa hamsini za mruko mbovu ni saa hamsini za kuudhika. Pia wapo wanaosema lolote litakalopunguzwa bei lisubiriwe, na ni kweli kwamba Celeste imepunguzwa mara nyingi. Kwa asiye na fedha za kutosha hilo ni shauri zuri. Lakini mwenye nazo, ambaye anataka kujua kama gemu iliyotoka wiki hii inastahili bei yake, hana haja ya kungoja mwaka. Duka la Steam hurudisha fedha ikiwa siku 14 hazijapita tangu kununua na gemu imechezwa chini ya saa 2. Saa mbili zinatosha. Asimame kwenye chumba cha kwanza na asiende popote. Aruke mruko mfupi, kisha mrefu. Akimbilie ukingo na abonyeze akiwa amechelewa makusudi. Ashuke na abonyeze mapema. Agonge kona kwa kichwa. Afe, ahesabu ni muda gani unapita kabla hajashika tena usukani. Gemu iliyotengenezwa na watu waliokaa na mruko wao itamjibu kila jaribio, na iliyotengenezwa kwa pupa itajionyesha ndani ya robo saa, hata kama kuta zake zinang'aa.

Asiyependa kurudia jambo moja mara hamsini asiinunue Celeste kwa bei yoyote. Wengine wote nawaambia walipe kamili, na ningesema hivyo hata kama ingebaki na zile sura za mwanzo tu. Haikubaki nazo. Tarehe 9 Septemba 2019 Thorson na wenzake walitoa sura ya tisa, Farewell, yenye vyumba zaidi ya 100 na mbinu ambazo mlima wote haukuwa umezifundisha. Aliyekwisha kuwa na gemu hiyo hakutozwa hata senti.