Beseni Chini ya Povu

Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinapoishika Sikonge, matawi yaliyoinamia madimbwi na malambo huvimba povu jeupe. Mgeni hudhani ni sabuni. Kumbe ni kiota cha chura wa mitini, wa jenasi ambayo wataalamu wanaiita Chiromantis. Usiku jike hupanda tawini, na dume, pengine madume kadhaa, humng'ang'ania. Jike hutoa ute na kuupigapiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, kisha mayai hutagwa humo ndani, mamia kadhaa, hata zaidi ya elfu moja. Kazi ikimkausha, hushuka majini, hunywa kwa ngozi yake, na kurudi juu kuendelea. Baadaye ganda la nje hukauka na kuufunga unyevu ndani. Siku chache zikipita, upande wa chini hulainika, na viluwiluwi huanza kudondoka majini mmoja mmoja.

Shida huja mvua zinapokatika. Dimbwi hurudi nyuma, na povu lililoning'inia juu ya maji huwa sasa linaning'inia juu ya udongo uliopasuka. Viluwiluwi hawana habari. Siku yao ikifika watashuka tu. Ufundi ninaousifu hapa huanza kwa mpita njia aliyetazama juu, akatazama chini, kisha akarudi nyumbani kuchukua beseni la kuwapokea.

Nchi hii yote ya Unyamwezi imeishi kwa kuyafuata maji. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililala palipo na maji, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa walipaswa kujua ni wapi kisima kina maji na wapi kimekauka. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, msimu wa mvua ukikaribia. Kusini mwa mji huo, katika njia ya Sikonge, Ipole na Rungwa, vijito vingi hadi leo ni vya msimu, na mto Ugalla wenyewe hukatika wakati wa kiangazi ukabaki mabwawa-mabwawa. Chura wa mitini ameizoea nchi ya namna hii kuliko sisi. Jua likimchoma hugeuka mweupe ili asishike joto, na hutoa taka za mwili zikiwa nzito kama za ndege, ili asipoteze maji. Mtoto wake hana kinga hata moja kati ya hizo. Yeye anahitaji maji ya wiki kadhaa, na maji hayo ndiyo mlezi anayomkopesha.

Beseni liwe pana, si lenye kina. Maji bora ni ya dimbwi lenyewe au ya mvua. Ya bomba, kama yametiwa dawa, yaachwe wazi siku moja au mbili kwanza. Liwekwe kivulini, maana maji machache kwenye plastiki juani huwa moto kabla ya saa sita mchana. Juu litandikwe kipande cha chandarua. Kereng'ende hupenda kutaga kwenye maji yaliyotulia, na buu wake ni mwindaji mkali kuliko anavyodhaniwa na wanaomwona angani tu. Na wasiwekwe wengi mno. Viluwiluwi waliobanana hudumaa hata kama chakula kipo, kwa hiyo kama dimbwi bado lina maji, wengi wabaki huko, nyumbani waje wale tu ambao wangeangukia kwenye vumbi.

Chakula chao ni jani la mchicha lililochemshwa mpaka likalegea, pamoja na mawe yenye utelezi wa kijani yaliyotolewa dimbwini, wayakwangue wenyewe. Kinachoua hapa ni huruma isiyo na kipimo. Mabaki huoza, uozo hula hewa iliyomo majini, na asubuhi unawakuta wote juu wakihema. Anayejua kazi hii hulisha kidogo, huondoa mabaki jioni, na hubadilisha sehemu tu ya maji ili wasishtuke. Ni malezi ya kujizuia mkono, nami nayaona magumu kuliko malezi ya kutoa.

Halafu huja siku za maajabu. Miguu ya nyuma huchomoza taratibu, ya mbele hutokeza kwa ghafla. Mdomo mgumu wa kukwangulia huvunjwa ukajengwa mdomo mpana wa kukamatia wadudu. Utumbo mrefu wa mla majani hufupishwa, matamvua hupisha mapafu. Mdomo na utumbo vinapogeuzwa mtoto hali kitu, anaishi kwa kuumaliza mkia wake mwenyewe. Mwaka 1912 mtafiti Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya shingo ya wanyama, ile ya thairoidi, wakageuka vyura kabla ya wakati, wakiwa wadogo kupita kiasi. Ndivyo ilivyojulikana kwamba mageuzi haya yana mwito wake ndani ya damu. Mlezi hana la kuharakisha. Lililo lake ni kuegemeza gome la mti ndani ya beseni, kwani kiumbe aliyekuwa akiogelea tangu azaliwe sasa anaweza kufa maji asipopata pa kupandia.

Tanzania ina mfano mkubwa wa kazi hii. Mwaka 1996, katika korongo la Kihansi, safu ya Udzungwa, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi ndani ya manyunyu ya maporomoko, pasipo pengine popote duniani. Huyu hata kiluwiluwi hana, huzaa watoto waliokamilika. Bwawa la umeme lilipoyachepusha maji, manyunyu yalipungua. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, na hatimaye wakalelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wametoweka. Waliosalia ni wale waliolelewa: walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Kati ya tarehe hizo kulikuwa na watu waliopima maji, wakanyunyiza ukungu, wakafuga wadudu wadogo ili vyura wapate kula, kila siku. Sifa zangu zote nawapa hao.

Wa Sikonge hawahitaji kufugiwa wadudu. Mkia ukishaisha, warudishwe jioni ya mvua kwenye majani ya dimbwi walikotoka, wala si kwenye lambo jingine, hata likiwa na maji mengi zaidi. Upo ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura, ambao umewaangamiza katika nchi nyingi na ulikutwa pia Kihansi, na husafiri na maji, matope na vyombo. Kwa hiyo maji ya beseni yamwagwe nchi kavu, mbali na dimbwi lolote, na beseni lisuguliwe, lianikwe juani mpaka likauke kabisa. Ukungu huo hauwezi ukavu.