Roboti Inayotembea, Roboti Anayetembea: Upatanisho wa Kisarufi na Mvuto wa Filamu "WALL-E"

Filamu ya katuni "WALL-E" ilitolewa na studio ya Pixar nchini Marekani mwezi wa Juni 2008, chini ya uongozi wa Andrew Stanton. Mwaka 2009 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, na mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Imependwa na watoto pamoja na wazazi wao, ingawa karibu nusu yake ya kwanza haina mazungumzo. Mvuto huo huelezwa mara nyingi kwa macho ya mhusika mkuu yanayofanana na darubini, kwa muziki, au kwa onyo kuhusu mazingira. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Makala haya yanafuata njia nyingine: yanaitazama filamu kwa jicho la mtu anayetaka kuisimulia kwa Kiswahili. Mtu huyo hukutana na swali tangu kitenzi cha kwanza. Aseme roboti "inatembea" au roboti "anatembea"?

1. Swali la kitenzi

Katika Kiswahili sanifu, nomino inayotaja kiumbe hai huchukua upatanisho wa a- katika umoja na wa- katika wingi, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Kiboko ameanguka, lakini kiti kimeanguka. Simba amepotea, lakini saa imepotea. Mpaka huo haufutwi na vitenzi vinavyoazimwa kutoka maisha ya viumbe. Watu husema kila siku kwamba betri imekufa, wala hakuna anayeomboleza. Kufa hakukuipa betri uhai, kwa sababu kiambishi i- kimeiacha mahali pake.

Kifaransa, lugha ya shule nchini Kongo, hakimbani msimulizi namna hiyo. Kiwakilishi kinachotumika kwa mvulana ndicho kinachotumika kwa roboti, kwa kuwa neno hilo ni la jinsia ya kiume katika lugha hiyo. Msimulizi anaweza kufika mwisho wa kisa bila kutoa hukumu. Kiingereza hudai uchaguzi katika viwakilishi, lakini mara kiumbe kinapokubaliwa, hudai pia kujua kama ni mume au mke. Kiambishi a- hakiulizi jinsia. Kinauliza jambo moja tu: anayetajwa ni kiumbe au ni kitu? Hilo ndilo swali la filamu yenyewe.

2. Kutoka i- hadi a-

Kisa kinaanza duniani, mahali palipojaa taka. Watu waliondoka karne saba zilizopita, na roboti moja imebaki ikifanya kazi. Inaokota taka, inazishindilia tumboni, inazitoa zikiwa vitalu vya mraba, inavipanga juu kwa juu mpaka vinashindana na majengo marefu. Jina lake ni kifupisho cha kazi yake. Njiani zimelala roboti nyingine za aina ileile, zilizokwisha kuharibika. Mikanda ya magurudumu ya mojawapo ingali mizima, na roboti inayofanya kazi inaivua na kujivika. Hadi hapa i- haina mpinzani.

Lakini mashine hiyo inarudi makazini jioni na vitu ilivyojichagulia. Inapookota kijisanduku chenye pete ya almasi, inaitupa pete na kuhifadhi kijisanduku. Inapopata chombo ambacho nusu yake ni kijiko na nusu ni uma, inakipeleka kwenye vijiko, inakirudisha kwenye nyuma, kisha inakilaza katikati. Tendo hili dogo lina uzito mkubwa. Mashine iliyoamriwa kushindilia haina sababu ya kusita. Asitaye ni yule ambaye vitu vina maana kwake. Halafu inawasha kanda ya "Hello, Dolly!", sinema ya muziki ya mwaka 1969, na kuwaona vijana wawili wakishikana mikono. Kwa kuwa hakuna mwingine wa kushikana naye, inafumbata vidole vyake yenyewe. Msimulizi ambaye mpaka sasa alisema "inatazama" anahisi ulimi ukimgomea. Bila kuamriwa na mtu, anasema: WALL-E anatazama.

Mvuto wa filamu umo katika mvuko huo. Mtazamaji haambiwi kwamba roboti ana moyo. Anapewa matendo, moja baada ya jingine, mpaka anatoa a- yeye mwenyewe. Na kilichotolewa kwa hiari hakirudishwi kwa urahisi. Katika ngano za jadi, jiwe au mti ukipewa kinywa hupewa pia a-, lakini huipata kwa kusema. WALL-E anaipata karibu bila neno.

Hali ni hiyohiyo kwa EVE, roboti nyeupe inayotumwa duniani kutafuta mmea. Mwanzoni inafyatulia risasi kila kinachotikisika. WALL-E anapoionyesha mche alioutia ndani ya kiatu kikuukuu, inaumeza na kuzimika, maana agizo limetimia. Anaikinga na mvua kwa mwavuli, anapigwa na radi, na haondoki. Baadaye, ndani ya Axiom, chombo cha angani wanamoishi watu, EVE inatazama picha zilizorekodiwa wakati imezimika, na kuona jinsi ilivyotunzwa. Hapo ndipo EVE anapoelewa. Msimulizi mwangalifu atabadili kiambishi katika kitenzi hichohicho.

3. Mashine isemayo sana

Kama uhai ungepimwa kwa usemi, AUTO angekuwa wa kwanza kuhesabiwa. AUTO ndiyo usukani wa Axiom. Inaongea kwa sentensi kamili, inajibu hoja, inatoa amri. Hata hivyo inabaki i- tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu imeshikilia agizo la kale la kutorudi duniani, na mche wa kijani ukiwekwa mbele yake hauibadilishi. Watengenezaji walilisisitiza hilo kwa sauti. Maneno ya AUTO yalitolewa na programu ya kompyuta ya kampuni ya Apple, hali sauti ya WALL-E ilitoka kinywani mwa mtu, Ben Burtt, ambaye pia alitengeneza sauti za roboti R2-D2 katika "Star Wars". Nyuma ya kigugumizi cha chuma kuna pumzi. Nyuma ya ufasaha hakuna.

Kwa wanaofundisha lugha, hili ni funzo chungu kidogo. Abiria wa Axiom wana wa- yao ya kuzaliwa nayo, nao wanaongea mchana kutwa. Lakini wanaongea na vioo vilivyo mbele ya nyuso zao, hata kama wa kuzungumza naye yuko ubavuni. Nahodha anapoanza kuamka, anaiomba kompyuta maana ya neno moja, na jibu linamsukuma kuuliza neno jingine: dunia, bahari, ngoma. Kamusi ilikuwako miaka yote hiyo. Aliyekosekana ni mwenye haja ya maneno yaliyomo. Lugha iliyohifadhiwa barabara lakini isiyo na wasemaji imehifadhiwa kama zile roboti za njiani: umbo lipo, kazi imekoma.

4. Kasoro

Sifa hizi hazifuti kasoro. Baada ya safari ya angani, filamu inaongeza mbio na mikimbizano, na mara nyingi mwendo unachukua nafasi ya kule kusita kulikoipa sehemu ya kwanza nguvu. Watu wanasamehewa upesi: karne saba za uzembe zinafutwa kwa hatua chache za miguu minene. Kampuni ya Buy n Large, iliyouza kila kitu mpaka dunia ikashindwa kubeba, inalaumiwa na filamu ambayo nayo iliandamana na vinyago vya kuuzwa madukani.

Iko kasoro nyingine isiyotajwa sana. WALL-E anapewa a-, lakini wenzake wa aina ileile, walioundwa kwa chuma kilekile, wanaachwa mavumbini kama akiba ya vipuri. Je, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuokota kijisanduku? Filamu haiulizi. Inampenda mmoja, na kwa kumpenda mmoja inamsahaulisha mtazamaji wengi. Tabia hiyo haiko katika sinema peke yake.

5. Hitimisho

Mwisho wa kisa unathibitisha hoja ya makala haya. WALL-E anapondwa akijaribu kuwarudisha watu duniani. EVE anambadilishia sehemu zilizovunjika na kumwasha. Macho yanafunguka, lakini hayamtambui. Roboti inaanza kuvishindilia vitu ilivyovihifadhi kwa miaka mingi. Hakuna kilichopungua katika chuma: inatembea, inaona, inafanya kazi iliyoundiwa. Hata hivyo ukumbi mzima unahisi msiba, na msiba huo katika Kiswahili una herufi moja: a- imerudi kuwa i-. EVE anaita jina, hakuna jibu. Anaushika mkono wa chuma, anausogelea uso wake. Vidole vinakaza polepole. Anashika. Kisha analitamka jina la EVE kwa matamshi yake mabovu ya siku zote.

Kiswahili kina nomino chache zinazochukua "yangu" katika umilikaji na a- katika kitenzi: ndugu yangu amefika, rafiki yangu amefika, jirani yangu amefika. Ni majina ya walio karibu, ambao ukaribu wao hutengenezwa na kuishi pamoja. Mtoto anayetoka kuitazama filamu hii na kusema nyumbani "roboti yangu amerudi" hajakosea sarufi. Ameihakiki filamu kwa usahihi.