"Kutabirika" na "Kutarajiwa" katika Uhakiki wa Utenzi

Kivumishi cha Kiingereza "predictable" kimeingia katika uhakiki wa Kiswahili kwa sura ya "-a kutabirika", na aghalabu huja na hukumu: kazi inayotabirika ni dhaifu. Tafsiri hiyo yahitaji kuchunguzwa. Kitenzi "tabiri" kina asili ya Kiarabu, ambako huhusu kuagua ndoto. Anayetabiri hufumbua lililofichika. "Tarajia" hubeba matumaini, wala hakidai kwamba jambo limefichika.

Tofauti hiyo hudhihirika pwani. Mvuvi wa Bofa, kando ya mji wa Kilifi, hatabiri kusi. Huitarajia ifikapo takriban Aprili, kama anavyoitarajia kaskazi mwishoni mwa mwaka. Kuijua mapema hakumchoshi, bali humwezesha kupanga kazi yake. Asilolijua ni nguvu ya upepo na kitakachonaswa na wavu.

Utenzi nao una msimu wake. Katika Utenzi wa Mwana Kupona (1858), msikilizaji ajua tangu beti za mwanzo kwamba kila ubeti utafungwa kwa kina kile kile cha -a. Anachongojea ni neno litakalokileta, pamoja na wosia wa mama kwa bintiye. Mhakiki anayeuona urudiaji huo kuwa kasoro huupima utenzi kwa kipimo cha riwaya ya upelelezi. Kasoro huzuka pale kina kinapotimia bila wazo jipya. Hapo ndipo neno "kutabirika" linapostahili.