Vyumba Sita vya Pepeo Moja

Sikukuu ya Dano huangukia tarehe tano ya mwezi wa tano kwa hesabu ya mwezi mwandamo, kwa kawaida kati ya mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Juni. Katika Korea ya wakulima ilikuwa pumzi baada ya kupanda na kabla ya mvua kubwa za kiangazi. Joto linakuwa limeshabisha hodi, bado halijakaribishwa ndani.

Jeonju, mji wa kusini-magharibi mwa Korea Kusini, watu husherehekea siku hiyo kwenye bustani ya Deokjin, penye bwawa lililojaa mayungiyungi. Zamani wanawake walikuja hapa kuoga na kuosha nywele, wakiamini kwamba maji ya bwawa siku ya Dano yanaponya maradhi ya ngozi. Hadi leo utaona mabeseni ya maji yaliyochemshiwa majani ya changpo, mmea wa majini wenye harufu kali ya kupendeza, na wanawake wa kila umri wameinama juu yake, nywele zikichuruzika maji. Kando kuna bembea ndefu ambayo mtu huisukuma akiwa amesimama. Kuna mieleka ya ssireum, ile ya kushikana mikanda ya kitambaa, ambayo mwaka 2018 Korea mbili zilikubaliana kuiingiza pamoja kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, jambo ambalo wanasiasa wao hawalifanyi kila siku. Kuna vyakula, kuna ngoma, kuna watoto waliopotezana na mama zao. Na kuna mapepeo.

Nimekuja kwa ajili ya mapepeo, nami sitajifanya kuvutiwa sawasawa na mengine yote.

Wakati wa Joseon, ufalme ulioanza 1392 na kudumu zaidi ya miaka mia tano, Dano ilikuwa siku ya mfalme kugawa mapepeo. Magavana wa mikoa ya kusini, Jeolla na Gyeongsang, waliyapeleka ikulu, na ikulu ikawagawia maofisa na watumishi wa baraza. Hong Seok-mo, aliyeandika kitabu cha desturi za mwaka mzima mnamo 1849, anaeleza zawadi hizo, na jinsi waliopewa walivyopenda kuchoresha juu yake vilele vya milima ya Geumgang. Upo pia msemo wa zamani kwamba zawadi ya kiangazi ni pepeo na zawadi ya majira ya baridi ni kalenda. Nakubaliana na hekima hiyo. Zawadi zote mbili zina tarehe. Kalenda ikifika mwezi wa tatu ni karatasi tu, na pepeo likifika joto limeshapita ni deni lililolipwa baada ya mdai kufa.

Kwa hiyo fundi wa pepeo hakuwa na anasa ya kusema "nikimaliza nitaleta". Dano ilikuwa inamngoja. Mwaka wake ulihesabiwa kinyumenyume kutoka siku hiyo: mianzi ikatwe wakati wa baridi, ikiwa na utomvu mchache na haivutii wadudu; ipasuliwe, ikaushwe, igundishwe; karatasi ibandikwe; gavana apate mzigo wake kwa wakati. Jeonju ndiko yalikokuwa makao ya gavana wa Jeolla, na katika makao hayo palikuwa na ofisi iliyoshughulikia mapepeo peke yake. Mji ulikuwa umewekwa mahali pake na majaliwa. Mianzi mizuri inatoka Damyang, si mbali upande wa kusini, na karatasi ya hanji, inayotengenezwa kwa magome ya mti wa dak, ilikuwa na bado ni fahari ya Jeonju yenyewe. Ustadi wa kukunja pepeo ulikuwa mkongwe hata wakati huo. Xu Jing, mjumbe wa China aliyefika Korea mwaka 1123, enzi za ufalme wa Goryeo, tayari aliandika habari za mapepeo ya kukunja aliyoyakuta huko.

Pepeo ninalolisifu hapa linaitwa hapjukseon. Ukiliona limefungwa unaweza kulidharau, ukadhani ni kijiti kinene cha mwanzi uliong'arishwa. Lifungue uhesabu mbavu zake. Wakati wa ufalme, hesabu hiyo ilikuwa kitambulisho: mbavu hamsini, zenye mikunjo mia, zilikuwa za watu wa nyumba ya mfalme; mabwana wa baraza walipewa arobaini; walio chini yao, pungufu ya hapo. Waungwana walilibeba mwaka mzima, hata wakati wa baridi, maana lilifaa pia kusitiri uso ukimwona unayemdai, au zaidi anayekudai wewe.

Uzuri wa kazi hii umejificha ndani ya ubavu mmoja. Mwanzi una ngozi na una nyama. Ngozi ya nje ni ngumu na nyororo, inapinda bila kuvunjika. Nyama ya ndani ni laini, hunyonya maji na kuoza upesi. Mtengenezaji wa kawaida huchonga kijiti na kuacha vyote viwili pamoja. Mafundi wa Jeonju wanachukua mwanzi wa karibu miaka mitatu, wanaupasua vipande vyembamba, kisha wanakaa chini na kisu kuondoa nyama yote. Kipande kinawekwa juu ya paja lililofunikwa ngozi au kitambaa kizito, kisu kinashikwa mahali pamoja, na mwanzi ndio unaovutwa chini ya makali. Unyoya wa mwanzi unajikunja na kuanguka. Fundi anakivuta tena. Anakiinua kwenye mwanga, na kama mwanga haupiti bado anakirudisha chini ya kisu. Kinachobaki mwishoni ni ngozi tupu.

Kisha ngozi mbili zinagundishwa mgongo kwa mgongo, pande zilizokuwa na nyama zikikutana katikati, ili ubavu uwe na ngozi kila upande. Kila ngozi inataka kupinda kuelekea upande wake, na mwenzake anaikatalia, basi ubavu unabaki umenyooka miaka na miaka. Ni ujenzi wa akili sana, na ukishaufahamu, pepeo la kijiti kimoja linaanza kuonekana kama kazi iliyoachwa njiani.

Gundi yake nayo ina habari. Inachanganywa kutokana na gundi ya ngozi ya mnyama na ile inayochemshwa kutoka kibofu cha hewa cha samaki wa bahari anayeitwa mineo. Wavuvi na wachuuzi wa Mwanza hawahitaji kuelezwa kitu hiki. Wao wanakiita bondo, wanakitoa kwenye sangara, na wanajua kinavyothaminiwa Mashariki ya Mbali. Gundi ya samaki ina sifa mbili ambazo gundi nyingi za dukani hazina kwa pamoja: inashika kwa nguvu, lakini haikakamai. Ubavu ukipinda, nayo inapinda. Mbavu zilizogundishwa hufungwa pamoja kwa kamba, zikabanwa na kuachwa zikauke polepole, na hapo fundi hana la kufanya ila kungoja.

Kazi yote hiyo ilikuwa ya chumba cha kwanza. Zamani kazi iligawanywa katika vyumba sita, na kila chumba kilikuwa na watu wake. Wa kwanza waliunganisha mianzi. Wa pili walisawazisha umbo na kutengeneza kishikio, sehemu ya chini inayokaa kiganjani, kwa mti mgumu au mfupa. Wa tatu walikuwa watu wa moto: walishika chuma chembamba chenye ncha iliyopashwa kwenye makaa, wakachoma nakshi juu ya mwanzi, aghalabu popo wadogo wenye mabawa wazi. Kwa Wakorea popo ni alama ya neema, kwa hiyo hakuna wa kumwogopa. Kazi ya chuma cha moto haina kufuta. Mkono ukisita, sehemu uliposita huonekana imekoza zaidi, na kila atakayelishika pepeo hilo atakuona. Chumba cha nne kilikuwa cha kung'arisha, cha tano cha kubandika karatasi iliyokwisha kukunjwa, na cha sita cha kufunga pini inayopita kwenye mbavu zote na kuzifanya zizunguke pamoja. Pini ikikazwa mno pepeo halifunguki. Ikilegea linayumba kama mlango wa banda la kuku.

Mgawanyo huu unanigusa kuliko umahiri wa mtu yeyote mmoja mmoja. Aliyechuna mwanzi hakuliona pepeo likifunguliwa. Aliyefunga pini hakujua mwanzi ulitoka kilima gani. Hakuna aliyeweza kunyanyua pepeo akasema, hili langu. Na bado kosa la chumba cha kwanza lingetokea chumba cha sita, mbele ya watu wote, baada ya kazi ya wengine watano kumwagwa juu yake. Sijui kama kuna adabu ya kazi kubwa kuliko hiyo.

Karne ya ishirini ilivifunga vyumba kimoja baada ya kingine. Mwaka 1960 kampuni ya GoldStar ilitoa feni ya kwanza ya umeme iliyotengenezwa Korea, na ukiwa na feni mezani huhitaji neema ya popo. Baadaye yakaja mapepeo ya bei poa ya viwandani, halafu viyoyozi, na vyumba vikakosa vijana. Kim Dong-sik alikuwa ameanza kujifunza kazi hii mwaka 1956, akiwa kijana wa miaka 14, kwa jamaa za mama yake waliokuwa mafundi wa mapepeo tangu babu yao. Aliingia miaka minne tu kabla ya feni, wakati mgumu kuliko wote, naye hakutoka. Mwaka 2015 serikali ya Korea Kusini ilimtambua rasmi kuwa mwenye urithi wa kitaifa wa ufundi wa mapepeo, wa kwanza katika fani hiyo. Heshima hiyo ina uchungu ndani yake, maana mtu mmoja sasa anatakiwa kuzijua kazi za vyumba vyote sita. Anachuna, anagundisha, anachoma, anabandika, anafunga. Kilichokuwa mtaa mzima kimeingia kwenye mikono miwili.

Basi mtu anaweza kuuliza pepeo kama hilo la nini, kama si la upepo. Ukikaa sherehe ya Dano hadi alasiri utapata majibu mawili, yote kutoka kwa watu wasioweza kufanya kazi bila hilo.

La kwanza lipo juu hewani. Mchezaji wa jultagi anatembea juu ya kamba ya katani iliyofungwa juu zaidi ya kichwa cha mtu, anaruka, anakaa, anainuka tena, huku akitaniana na mchekeshaji aliye chini. Mkononi ana pepeo lililofunguliwa. Analitumia kuegemea hewa: mwili ukielekea kushoto, pepeo linasukuma upande mwingine, na watazamaji wanadhani anajipepea kwa madaha.

La pili lipo juu ya mkeka. Mwimbaji wa pansori anasimama peke yake na mpiga ngoma mmoja, na kwa saa nzima au zaidi anasimulia na kuimba kisa kirefu chenye watu wengi. Hana mapambo ya jukwaa. Ana pepeo. Likifungwa linakuwa fimbo ya kipofu. Likifunguliwa linakuwa barua, anaisoma na kulia. Katika kisa cha Heungbu, maskini mwema, linakuwa msumeno wa kupasulia buyu lililojaa mali. Jeonju ni mji wa pansori pia. Mashindano yake makubwa, Daesaseup, yalifufuliwa mwaka 1975, na yamefungamana na Dano. Waimbaji wanapokusanyika hapa, mapepeo yanakusanyika nao, na haya si mapepeo ya kuning'iniza ukutani. Yanapigwa, yanafunguliwa kwa kishindo na kufungwa, mara mamia, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana zile ngozi mbili na ile gundi ya bondo havikuwa ubishoo.

Sherehe za mji zina tabia ya kupunguza kila kitu hadi kiwe rahisi, na Dano ya leo haijaepuka. Chini ya mahema kuna meza ndefu ambapo watoto hupewa mapepeo meupe ya kiwandani na rangi, wakachora samaki, jua, mama. Wapo wanaokereka. Wanasema huko ni kuudhalilisha ufundi. Mimi sikubaliani nao. Mtoto aliyewahi kuchora pepeo bovu ataliangalia zuri kwa muda mrefu zaidi, na waungwana waliopewa mapepeo na mfalme nao walichora au walichoresha. Meza hiyo ina asili ndefu kuliko wanavyodhani. Kinachonikera ni meza ya fundi kuwekwa mwisho kabisa, nyuma ya vyakula, fundi akiwa amevalishwa mavazi ya kale kama sanamu ya makumbusho, na mtangazaji akimhimiza aonyeshe kazi kwa dakika kumi. Dakika kumi hazitoshi hata kukinoa kisu. Wamweke mwanzoni, pale watu wanapoingia, wamwache achune ubavu wake asubuhi nzima, asemeshwe au asisemeshwe. Watu watasimama wenyewe.

Ukipata nafasi ya kulishika pepeo la hapjukseon, usilifungue kwa kulitingisha kama ulivyoona kwenye filamu. Jipya huwa gumu kidogo. Lishike kwa mikono miwili, sukuma ubavu wa kwanza kwa kidole gumba, uache mikunjo ifuatane hadi mwisho. Lifunge, ulifungue tena. Baada ya muda pini na karatasi vitazoeana na mkono wako, na siku moja utaweza kulifungua kwa mkono mmoja, kishindo kimoja, kama mwimbaji anayetaka ukumbi mzima ugeuke. Na ukiuliza bei, ukashtuka, muulize fundi pia kisu kimepita mara ngapi kwenye ubavu mmoja, kisha uhesabu mbavu.