Mwanasesere wa Matambara

Jioni, fundi cherehani wa mtaani kwetu akishafunika mashine yake, humwita kijana wake afagie. Vipande vya vitenge, batiki na bitana hutiwa kwenye kiroba na kupelekwa jalalani. Zamani kiroba hicho kisingejaa. Tangu alasiri wasichana wangekuwa wamekaa barazani pake, kila mmoja akimbembeleza ampe kipande chenye maua, na yeye akijitia ukali kabla ya kugawa. Siku hizi hakuna aombaye, kwa kuwa hakuna ashonaye mwanasesere.

Mwanasesere wa matambara hakununuliwa. Alishonwa na bibi au shangazi, akatolewa Sikukuu ya Idi, au mtoto aliponyanyuka baada ya surua. Zawadi hiyo ilikuwa na wakati wake mwingine ambao naupenda zaidi: mama alipojifungua. Yule mkubwa, aliyezoea kubebwa, sasa anaambiwa ashuke mgongoni ampishe mdogo wake. Basi bibi humpa mwanasesere na kipande cha mbeleko, naye anambeba wake. Mama akinyonyesha, naye ananyonyesha. Wivu ulitibiwa kwa sindano na uzi, bila hotuba.

Bibi yangu alishona kwa kanga iliyokwisha kazi, na alikuwa mgumu kukubali kwamba imekwisha. Kanga ya pamba ilivaliwa kwanza kwenye harusi, kisha ikavaliwa sokoni. Ilipopauka ilikuwa ya kulalia, halafu mbeleko, halafu kitambaa cha kuepulia sufuria. Baada ya hapo ndipo mkasi ulipopita. Alisokota kitambaa kuwa kichwa, akakaza shingo kwa uzi, akapiga bandi mwili na kuujaza usufi tuliookota chini ya msufi na kuchambua kokwa wenyewe, huku tukipiga chafya. Nyusi alizichora kwa wanja. Nywele zilikuwa nyuzi nyeusi ndefu, maana mwanasesere asiyesukika twende kilioni alikuwa hana maana kwetu.

Wangu alikatwa penye jina la kanga. Tumboni alisomeka MGENI NJOO MWENYE, na hapo mshono ukameza yaliyobaki. Herufi za kwanza nilizosoma peke yangu ni hizo. Nilimaliza methali nikiwa na umri wa kwenda shule, nikagundua kwamba rafiki yangu miaka yote alikuwa akiwakaribisha watu bila kufika penye kupona. Alinuka moshi na udi, harufu ya sanduku la bibi, na hata alipofuliwa harufu ile haikutoka. Nadhani nguvu yake yote ilikuwa hapo. Mtoto hakupewa kitu kigeni. Alipewa nguo aliyokuwa ameshalala juu yake.

Asili ya mwanasesere wa namna hii ni ya mbali. British Museum, London, inaye mmoja wa kitani kutoka Misri ya enzi za Warumi, aliyejazwa matambara na mafunjo. Mtoto wake hajulikani, na mwanasesere bado yupo. Marekani walimpeleka sokoni: Johnny Gruelle aliandikisha hataza ya Raggedy Ann mwaka 1915, kitabu chake kikatoka 1918, na tambara la nyumbani likawa bidhaa yenye nembo.

Huku kwetu, historia ya tambara ni historia ya nguo zilizoshuka bandarini. Katika karne ya 19 nguo ya merikani ya viwanda vya Massachusetts ilijaa Zanzibar, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikatiza na nguo za Bombay zikapata nafasi. Kanga zikaenea mwishoni mwa karne hiyo. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga za hapahapa nazo zikachakaa mikononi mwa mabibi. Si kila mwanasesere alikuwa wa nguo: Wazaramo walikuwa na mwana hiti wa mti, aliyepewa mwali akiwa ndani. Huyo ana heshima ya unyago, na wakusanyaji wa ng'ambo wanamtafuta. Wetu wa matambara hana mkusanyaji. Alichezewa mpaka akafumuka, akatiwa kiraka, akafumuka tena.

Sasa mtoto hupewa mwanasesere wa plastiki, nywele za dhahabu, shingo inayong'oka wiki ya pili. Aking'oka hashoneki. Na kanga zenyewe nyingi zimechanganywa poliyesta: hazilainiki kwa kufuliwa wala hazinywi jasho. Kibaya zaidi ni aibu. Nimemsikia mama, mtu mwenye cherehani ndani, akisema hawezi kumpa mwanawe matambara, majirani watadhani ameishiwa. Wakati huohuo marobota ya mitumba yanashuka kila wiki, nguo zinavaliwa msimu mmoja na kutupwa nzimanzima, vifungo na zipu ndani. Tumeona haya ya kushona, hatukuona haya ya kutupa.

Ukiwa na kanga ya pamba iliyochoka, usiifanye dekio leo. Mwite mama yako au shangazi yako angali na macho ya kutunga uzi, kaeni mshone pamoja, na mtoto awepo achague upande wenye maua. Fueni kitambaa kwanza, kazeni shingo kwa uzi maradufu. Macho yatieni kwa uzi, si kwa vifungo, maana mtoto mdogo huving'oa na kuvimeza.