Kumtafuta Kimelea Juu ya Kiungo Chenyewe

Ugumu wa kuthibitisha maambukizi katika goti au nyonga ya bandia hautokani na uhaba wa vipimo bali na makazi ya bakteria, ambao hujibandika juu ya chuma au plastiki na kujifunika kwa utando wanaoutengeneza wenyewe, hata wakabaki wachache tu katika majimaji ya kiungo na nyama iliyo jirani. Ndiyo maana vipande vya tishu vinavyokatwa wakati wa upasuaji huweza kuoteshwa maabara visitoe kimelea chochote ilhali ugonjwa upo.

Watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2007, walikipima kiungo chenyewe baada ya kutolewa mwilini. Kilitiwa katika chombo kigumu kilichotakaswa pamoja na mililita 400 za maji ya chumvi, kikatikiswa kwa sekunde 30, kikapitishiwa kwa dakika 5 mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha kikatikiswa tena. Nguvu ya mawimbi hayo ilipaswa kuubandua utando bila kuwaua bakteria, kwani majimaji yaliyopatikana yalioteshwa kwenye sahani zenye damu ya kondoo, baadhi zikiwekwa penye oksijeni na nyingine pasipo nayo. Ugumu wa chombo, jambo linaloonekana dogo, ulikuwa na uzito wake: mifuko ya plastiki iliyojaribiwa awali ilivuja na kuingiza vijidudu vya nje, kasoro mbaya katika kazi ambayo kimelea anayetafutwa mara nyingi ni stafilokoka wa kawaida wa ngozi, asiyetofautiana na uchafu wa maabara ila kwa wingi wake. Kwa sababu hiyo jibu lilihesabiwa kuwa chanya pale tu sahani ilipoonyesha angalau makundi 5 ya bakteria wa aina moja.

Miongoni mwa wagonjwa 331, ambao 79 kati yao walikuwa na maambukizi, tishu zilibaini asilimia 60.8 ya wagonjwa hao na majimaji ya kiungo kilichotolewa asilimia 78.5. Tofauti yenye maana zaidi, hata hivyo, ilikuwa kwa waliotumia antibiotiki ndani ya siku 14 kabla ya upasuaji, ambao tishu ziliwabaini kwa asilimia 45 na majimaji kwa asilimia 75. Hata hivyo njia hii haimsaidii daktari anayejiuliza kama kiungo kitolewe au kibaki. Kwa uamuzi huo bado huhitajika kufyonza maji ya kiungo kwa sindano, kuhesabu seli nyeupe na kuyaotesha, ikiwezekana kabla dawa hazijaanza.